Koti la Blanketi Si Ushamba

Waambie watu wa Songea kwamba unataka kushonewa koti la blanketi, uone. Blanketi, utaambiwa, ni la kitandani, la wodini, la bwenini. Anayetoka nalo mabegani ni bibi wa kijijini au mgonjwa anayeshushwa kwenye bajaji. Msichana msomi atafute koti la maana.

Koti la maana ni lipi? Mtumba. Juni na Julai, upepo wa alfajiri unapomchapa abiria wa bodaboda, wote tunainamia marundo sokoni. Sina ugomvi na wauza mitumba. Biashara hiyo inasomesha watoto. Ugomvi wangu ni na mizani yetu. Koti lililokatwa kwa mwili wa mwanamke wa Hamburg, mikono yake ikitufunika vidole, tunalilipia na kushukuru. Fundi aliyetupima kifua, kiuno na mabega, huyo tunambana apunguze: "Kwani si kushona tu?"

Si kushona tu. Blanketi lenye michoro halikatwi kama kitenge. Ni zito, hivyo hulikunji mara mbili ukakata pande zote kwa mkasi mmoja. Unakata kipande kimoja kimoja, ukihakikisha mstari wa upande wa kushoto unakutana na wa kulia. Ukikosea sentimita mbili, koti zima linaonekana limepinda. Sindano iwe nene, mishono ipunguzwe unene kwa ndani, bitana iwekwe ili sufu isiwashe shingo. Fundi mwenye akili huuacha ukingo wa blanketi uwe pindo la chini, na mchoro wa katikati anaupeleka mgongoni. Hiyo ni hesabu, tena kwa cherehani ya miguu.

Wapo watakaosema blanketi si asili yetu. Asili ipi? Kanga tulizoziandika majina zilichapwa kwa miaka mingi India na Ulaya. Kitenge kina ukoo wake kwa Waholanzi walioiga batiki ya Java. Wasotho walipokea blanketi la sufu kutoka kwa wafanyabiashara wa kigeni katika karne ya 19, wakalifanya vazi la taifa, wakaliwekea hata mchoro wa muhindi. Hakuna anayewaita washamba. Kitu kinakuwa chako pale unapokivaa bila kuomba radhi.

Wengine hawakusubiri ruhusa. Pendleton ya Oregon, Marekani, kampuni iliyojengwa juu ya blanketi za sufu zenye michoro, ilipoanza kuwashonea wanawake mwaka 1949 ilianza na jaketi la sufu. Leo inauza pia makoti ya kitambaa cha blanketi zake. Louis Vuitton walipandisha miraba ya shuka la Kimasai jukwaani katika mavazi yao ya kiume ya mwaka 2012. Tulipiga kelele kwamba tumeibiwa, na kelele hizo zilikuwa na haki yake. Lakini tunaibiwaje kitu ambacho sisi wenyewe tunakionea aibu mabegani mwa bibi?

Najua suala hili lina siasa. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua. Marekani ikatishia nafuu za AGOA. Rwanda ikashikilia msimamo na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu hizo kwa upande wa nguo. Sisi tulirudi nyuma. Sawa. Lakini kumlipa fundi bei ya haki hakuhitaji kikao cha marais.

Wala hatuhitaji kuufukuza mtumba. Blanketi nyingi za dukani ni za nyuzi za plastiki. La sufu mara nyingi utalipata kwenye marundo hayohayo. Basi tulinunue kama kitambaa, tumpelekee fundi, tusimkatishe bei. Muuza mtumba atapata, fundi atapata, na mwanamke atapata koti linalomkaa.

Tunaandika tasnifu kuhusu ajira za vijana na kuzitetea kwa maneno makubwa. Fundi yuko barazani, cherehani imetulia, na baridi ya Songea inarudi kila mwaka bila kuchelewa. Tusimwambie tena kwamba kazi yake ni ushamba.