Mtoto Asiyekula ni wa Mtaa Mzima

Nyumba ikifiliwa katika miji yetu ya pwani, haipiti saa ila mlango umejaa watu. Huyu aleta mchele, huyu aleta kuni, na yule amekwisha kupika uji na kuutuma kwa mtoto. Wala hiyo si mila tupu. Alipouawa Jaafar bin Abi Talib (R.A.) katika vita vya Muuta, mwaka wa 8 wa Hijra, Mtume (S.A.W.) aliamrisha jamaa zake wapikiwe chakula, kwa kuwa wao wenyewe wameshughulishwa na msiba. Basi yatupasa tuulizane, ndugu Waislamu: nyumba yenye msichana aliyeacha kula mpaka mifupa ikahesabika, kwa nini hiyo twaipelekea maneno tu?

Na maneno yenyewe twayajua. "Amefanyiwa." "Ana jini." "Ajidekeza huyo, njaa ikimshika atakula." "Mamake hakujua kulea." Na kubwa lao: "Hayo ni maradhi ya Kizungu, kwetu hayako." Mama akiyasikia hayo hufunga mlango wake, akauguza peke yake, na jirani wa ukuta kwa ukuta asijue.

Maradhi haya yana sura zaidi ya moja. Yuko anayejinyima kwa kuogopa unene, na kila akikonda hujiona bado mnene. Yuko anayekula kwa siri chakula kingi mno kwa mkao mmoja, kisha akaenda chooni kujitapisha, au akanywa dawa za kuharisha. Huyu wa pili huenda asikonde kabisa, ndiyo sababu hatambulikani. Wa kwanza mapigo ya moyo wake hupungua, hedhi hukatika, mifupa hudhoofika. Wa pili hupoteza chumvi za mwili ambazo moyo hauendi bila ya hizo. Watu hufa kwa maradhi haya. Na wavulana nao wamo, ingawa hawatajwi.

Ati ya Kizungu! Hebu na tutazame Fiji, visiwa vya bahari ya Pasifiki, ambako watu walikuwa wakisifu mwili ulioshiba kama walivyokuwa wakisifu wazee wetu. Televisheni ilifika wilaya ya Nadroga mwaka 1995. Mwaka huo Daktari Anne Becker wa Marekani aliwauliza wasichana wa shule, na hakupatikana hata mmoja aliyesema kuwa hujitapisha ili akonde. Akarudi mwaka 1998, akawauliza wasichana wa rika lile lile: 11.3 katika kila mia walikiri. Miaka mitatu tu! Na hiyo ni televisheni, kitu kikaacho sebuleni mbele ya macho ya wazee. Wasichana wetu leo walala na simu chini ya mto.

Lakini tusiitwike simu lawama zote. Nendeni harusini mkasikilize. Mtu hajaitikiwa salamu, keshaambiwa, "Mbona umenenepa kama pipa!" au, "Umekonda hivyo, mume hakulishi?" Bibi harusi hubanwa apunguze mwili ili nguo imkae, na wauza majani ya kukondesha hawakosi wateja. Sura ya Hujurati imekataza watu kudharauliana, ikawataja wanawake mbali baada ya wanaume, na ikakataza kuitana majina mabaya. Twaisoma, twaihifadhisha watoto chuoni, kisha mtoto wa watu twamwita Kibonge mbele ya wageni.

Liko pazia jingine la kumficha mgonjwa huyu, nalo ni saumu. Ramadhani hakuna amuulizaye. Hufuata sita za Shawwali, kisha Jumatatu na Alhamisi, na nyumba nzima yafurahi: mtoto mcha Mungu, mashaallah! Aulizwe basi, afuturu nini? Na akisha kufuturu, mbona hukimbilia chooni? Wako hata wanaomwambia mgonjwa aliyekatazwa na daktari kufunga kwamba imani yake ni haba. Hao na waikumbuke hadithi ya yule mtu aliyepasuka kichwa safarini, kisha akapatwa na janaba. Aliwauliza wenziwe kama ana ruhusa ya kutayamamu, wakamwambia huna, akaoga, akafa. Mtume (S.A.W.) alipopata habari alisema kuwa wao ndio waliomuua, na akawalaumu kwa kutouliza wasilolijua. Qur'ani katika Sura ya Baqara imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kuzilipa siku nyingine. Wewe mpita njia wapata wapi uwezo wa kumpokonya? Maimamu wetu na waliseme hili waziwazi mwezi wa Shaabani, kabla mwezi haujaandama.

Kumsomea mgonjwa Qur'ani ni kheri, wala hakuna azuiaye. Azuiwaye ni yule anayemzungusha kwa waganga miezi sita hali moyo wa mtoto wazimika. Hospitali iwe mwanzo, kwani mwili uliokaa na njaa muda mrefu ukishindiliwa chakula kwa pupa waweza kufa kwa chakula hicho hicho.

Lakini daktari humuona mgonjwa mara moja kwa juma, pengine kwa mwezi. Vyakula vitatu vya kila siku viko nyumbani. Katika hospitali ya Maudsley, London, walijaribu kuwakabidhi wazazi kazi ya kumlisha mtoto, mtaalamu akiwaongoza. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1987 yalionyesha kuwa vijana ambao maradhi hayajawakaa miaka mitatu walinufaika zaidi kwa tiba hiyo ya jamaa kuliko kwa kutibiwa mmoja mmoja. Waingereza wagundua kuwa sinia ni dawa, na sisi wenye sinia twaliacha, kila mtu na sahani yake na simu yake!

Mama anayekaa saa nzima kando ya sahani moja, mara tatu kwa siku, huchoka. Wadogo zake mgonjwa na wachukuliwe na jirani mpaka magharibi. Mwingine amsindikize hospitali, na mwenye uwezo atoe nauli kimyakimya. Nanyi akina baba, msiseme hili ni la jikoni. Kaeni mle na binti zenu. Darsa za akina mama zina nafasi ya kulizungumza bila kumtaja mtu, kwani siri ya nyumba ni amana.

Bibi Aisha (R.A.) alikuwa akiamrisha talbina, uji wa shayiri, upikwe kwa ajili ya wafiwa, na akipokea kwa Mtume (S.A.W.) kuwa huutuliza moyo wa mgonjwa. Mwenye kupeleka bakuli katika nyumba hii asimuulize mtoto amekula kiasi gani, wala asimwambie, "Leo umenawiri." Aketi, ale naye, amzungumzishe habari za shule na za sokoni.