Afya Nyumbani: Benchi la Kuinuka, ni Lazima?

Wamama na wandugu, swali moja limetufikia kutoka nyumba zaidi ya moja hapa Shasha. Kijana ananyanyua vyuma nyuma ya nyumba, na sasa anaomba pesa aende Sake kwa fundi wa kuchomelea vyuma, atengenezewe benchi lenye mgongo wa kuinuka. Anasema bila benchi hilo kifua chake kitajaa chini tu, juu kitabaki bapa. Mama anauliza kama ni kweli, au ni mambo aliyoyaona kwenye simu ya mwenzake.

Kuna ukweli ndani yake. Msuli mkubwa wa kifua una sehemu mbili. Ya juu inaanzia kwenye mtulinga, ule mfupa unaopita chini ya shingo hadi begani. Ya chini, iliyo kubwa zaidi, inaanzia kwenye mfupa wa katikati ya kifua na kwenye mbavu. Zote mbili zinakutana kwenye mfupa wa mkono, karibu na bega. Mtu akilala chali na kusukuma chuma, sehemu zote zinafanya kazi. Akiinua mgongo kidogo, kichwa kikawa juu kuliko kiuno, ile ya juu inaongezewa kazi. Watafiti wa Hispania walipima jambo hili na kulitangaza mwaka 2020: sehemu ya juu ilifanya kazi zaidi benchi lilipokuwa kwenye digrii 30. Lilipopita digrii 45, kazi ilihamia mabegani. Kwa hiyo benchi lililosimama karibu kama kiti cha kukalia halimpi kijana kile anachokitafuta.

Na digrii 30 hazihitaji kifaa cha kupimia. Ubao ukiwa na urefu wa mita 1, upande wa kichwa uinuliwe sentimeta 50. Nusu ya urefu wa ubao, basi.

Lakini kabla pesa haijatoka kwenye kitambaa, tuzungumze juu ya pompe, yaani kulala kifudifudi na kujisukuma kwa mikono. Hapa wengi wanachanganya. Ukiweka mikono juu ya jiwe na miguu chini, kazi inakuwa nyepesi na inaangukia zaidi sehemu ya chini ya kifua. Ukigeuza, mikono chini na miguu juu ya jiwe, ndipo unafanya kazi iliyo karibu na ile ya benchi la kuinuka. Uzito nao unabadilika. Kwenye pompe ya kawaida mikono inabeba karibu asilimia 64 ya uzito wa mwili. Miguu ikiwekwa juu sentimeta 60, inafika karibu asilimia 74. Kwa kijana wa kilo 60, hizo ni kilo 44 hivi, bila kununua hata msumari mmoja. Siku zitakapokuwa rahisi kwake, ashuke polepole, au avae mfuko wa shule mgongoni wenye mchanga kidogo.

Jibu letu basi: kusukuma kwa kuinuka kuna faida, ila benchi lenyewe si lazima. Kama kuna minervale ya mdogo wake inayosubiri, mama asione haya kusema hapana.

Kuna jambo linalotusumbua kuliko sehemu ya juu ya kifua. Ni vile vyuma vyenyewe. Tunavijua: mkebe wa maziwa umejazwa simenti kila upande, bomba katikati. Nani alipima mikebe hiyo? Upande mmoja ukizidi hata kilo 2, bega moja linavuta kila siku kuliko lingine, kisha kijana anashangaa kifua chake hakilingani. Funga kamba katikati kabisa ya bomba, lininginie. Likiinama upande mmoja, ongeza simenti upande wa pili. Na asilale chini ya chuma akiwa peke yake. Mikono ikichoka, kile chuma kinaanguka shingoni, na nyuma ya nyumba hakuna anayesikia. Pompe haina hatari hiyo, ukichoka unalala tu.

Usawa mwingine uko nyuma ya mwili. Vijana wetu wanasukuma chuma, wanasukuma chukudu kwenye mlima, halafu wanapumzika kwa kusukuma chuma tena. Wanaovuta ni wachache. Msuli wa mbele ukikaza na wa mgongo ukiachwa, mabega yanakuja mbele, na kifua kilichojengwa kwa jasho kinaonekana kimeingia ndani. Kila siku ya kusukuma, avute pia. Ainame, mgongo ukiwa umenyooka, avute bidoni ya maji kuelekea tumboni; ya lita 20 ikijaa ni kilo 20, aanze na nusu. Au ajivute kwenye tawi la mti lenye nguvu. Hayo nayo ni bure.

Tunajua pia hofu ambayo mama haandiki kwenye karatasi. Tangu barabara ya Sake na Minova ilipokatwa mwaka 2024, vijana wengi wamekaa bila kazi, na mwenye kifua kipana anatazamwa kwa jicho lingine barabarani. Hatuna dawa ya hilo. Tunaona tu kwamba kijana anayefanya mazoezi uani na wadogo zake mama anajua yuko wapi saa kumi na moja ya jioni.

Kwetu sisi wamama hali imegeuka. Mgongo unafanya kazi kutwa, kuni na bidoni zikining'inia kwenye kamba ya kipaji cha uso, lakini hakuna tunachosukuma. Pompe za kusimama, mikono ukutani, mara 10 asubuhi, zinatufaa. Baadaye mikono ishuke mezani.

Na kwa dada aliyeuliza kama kifua kikifanya kazi maziwa yatakauka: hapana. Msuli uko chini ya titi, si titi lenyewe, na mazoezi ya kadiri hayapunguzi maziwa. Amnyonyeshe mtoto kwanza, kwa sababu titi lililojaa linauma mtu akijisukuma, halafu ajifunge kitambaa vizuri na aanze.