Chagua fildi kwa faili utakalolishika, usiangalie ghorofa



Tunaosoma sheria, kuna swali linatukosesha usingizi mwaka wa mwisho: nikimaliza digrii, mafunzo kwa vitendo nikafanyie wapi? Wengi jibu wanalo tayari. Ofisi kubwa Posta au Masaki, ghorofani, yenye kiyoyozi na jina. Ukisema unarudi Kilwa au Lindi, unaulizwa, "Vipi, umekosa koneksheni?"

Mimi nasema hapo ndipo tunapopotea. Jina la ofisi linapendeza kwenye CV, lakini uwakili unajifunza kwa faili ulilolishika mwenyewe.

Tuchukue mfano wa nyumbani. Miaka ya 2000, kampuni ya BioShape kutoka Uholanzi ilikuja Kilwa kutaka ardhi ya kulima mibono ya kutengenezea mafuta. Ikapata hekta zipatazo 34,000 kutoka vijiji vinne: Mavuji, Migeregere, Nainokwe na Liwiti. Fidia ilipotoka, asilimia 60 ilibaki halmashauri ya wilaya. Asilimia 40 ndiyo ikafika vijijini. Kufikia 2010 mradi ulikuwa umekufa. Ajira ziliisha, lakini ardhi ya kijiji ikishahamishwa kuwa ardhi ya jumla, hairudi yenyewe kwa wanakijiji eti kwa kuwa mwekezaji kaondoka.

Sasa fungua Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kifungu cha 4. Kinasema ardhi ya kijiji isihamishwe mpaka aina ya fidia, kiasi chake, namna na muda wa kulipa vimekubaliwa. Tunakariri kifungu hiki tukafaulu mtihani. Jiulizeni: kwenye mikutano ile ya vijiji, nani alikuwepo wa kukisoma kwa sauti?

Ndiyo maana uchaguzi wa fildi ni suala la siasa pia. Leo Lindi inazungumzia gesi ya Likong'o, na Kilwa ina gesi ya Songo Songo inayozalishwa tangu 2004. Kila mradi unakuja na tathmini, fidia na mikataba. Wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 wanafanya kazi kubwa vijijini, ila hawaruhusiwi kumwakilisha mtu mahakamani. Hapo anatakiwa wakili.

Kwa hiyo kabla hujakubali nafasi, uliza mambo matatu.

Kwanza, utafanya nini? Kama ni kutoa fotokopi na kupeleka barua, miezi itaisha hujaandika hata hati moja ya madai. Tafuta ofisi utakayokaa na mteja, uandae nyaraka, umfuate wakili barazani na mahakamani.

Pili, nani atakusimamia? Waulize waliopita pale. Dada zangu, hili tusiliogope: msimamizi anayetaka penzi ili akusainie ripoti anatenda kosa la jinai, kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Ofisi yenye sifa hiyo, hata iwe na jina kiasi gani, achana nayo.

Tatu, utaishi vipi? Bumu limeisha na ofisi nyingi hazitoi posho. Piga hesabu ya chumba, nauli na chakula cha Dar, halafu piga ya Kilwa Masoko ukiwa kwa shangazi.

Najua mtasema Kilwa mawakili ni wachache, nani atakufundisha? Hoja hiyo ina uzito. Basi kama lazima uwe Dar, nenda ofisi inayoshughulika na kesi za ardhi, za kazi au za haki za binadamu, ili ukirudi uwe na cha kurudi nacho. Wahenga wa pwani walisema mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Na chama nacho kisikae pembeni. Tunao mawakili wanaotutetea kila tunapokamatwa. Jumuiya ya vijana iwaombe kila mmoja achukue mwanafunzi mmoja wa kusini kila mwaka, na wanachama wa Lindi na Kilwa wajitolee vyumba. Hili halihitaji kusubiri tuingie Ikulu.

Mwekezaji mwingine yuko njiani. Safari hii atukute mkutanoni, sheria mkononi.