NANI AMTUNZE MWIMBAJI?

Wako wenzetu, tena wenye kisomo na dhamana, ambao wakisikia neno muziki likitajwa katika kikao cha maendeleo hutabasamu kama watu wazima waliokatizwa mazungumzo na mtoto. Fungu la utamaduni linapofikiwa katika makadirio ya halmashauri husomwa haraka, na kama kuna shilingi ya kupunguzwa, basi hupunguzwa hapo. Nimekaa katika vikao vya namna hiyo na nimenyamaza. Leo sinyamazi, na sababu yake ni safari niliyoifanya kutoka Pongwe kwenda Unguja.

Ilikuwa Februari 2024. Tamasha la Sauti za Busara, lililofanyika kwa mara ya kwanza mwaka 2004, lilikuwa linatimiza miaka 20. Nilipanda basi kando ya barabara kuu pale Pongwe, likashika njia ya Muheza na Segera, jioni nikawa Dar es Salaam, na asubuhi nikavuka kwa boti. Mtumishi wa mshahara atanielewa nikisema kwamba nilianza kuhesabu fedha kabla sijaiona bahari: nauli mbili za kwenda na mbili za kurudi, kiingilio cha siku tatu, na chakula katika mji ambao mwezi huo bei zake humtazama mgeni machoni kwanza. Nililala Ng'ambo kwa binamu yangu, watu watano chumba kimoja, na joto la kaskazi halijui udugu.

Lakini sharti niseme raha yake, maana anayekosoa bila kukiri alichofaidi ni mnafiki. Siku ya ufunguzi maandamano yalipita mjini: beni imetangulia na matarumbeta yake, akina mama wa mwanandege wamefuata na miavuli ya rangi, watoto wanakimbia pembeni wakijifanya nao ni sehemu ya shughuli. Beni hiyo si ngeni kwetu. Mwanzoni mwa karne ya 20 babu zetu wa mwambao waliicheza katika vyama vya Marini na Arinoti, wakashindana hadi wakaacha kusalimiana. Usiku tukaingia Ngome Kongwe, iliyojengwa baada ya Waarabu wa Oman kumwondoa Mreno mwishoni mwa karne ya 17. Humo hakuna mwimbaji anayefungua kinywa juu ya wimbo uliokwisha rekodiwa. Sharti la tamasha lile ni kupiga na kuimba papo kwa papo, na msikilizaji hulitambua jambo hilo kwa mwili wake kabla ya kulitambua kwa akili. Nilimwona binti ambaye sidhani kama alikuwa amefika miaka 20, kanuni mapajani, ameinama kama anayechambua mchele, na kila alipogusa uzi umati mzima ulinyamaza. Kando yangu alisimama mwalimu wa sekondari kutoka Mwanza aliyekuwa ameweka akiba tangu Agosti. Ilipofika saa sita ya usiku, yeye na mimi na watu wa Afrika ya Magharibi wasiojua neno la Kiswahili tulikuwa tunaitikia kiitikio kimoja. Mtu asiniambie kwamba hayo ni starehe tu. Mikutano mingi ya mshikamano wa Waafrika niliyopata kuhudhuria haikufika hapo.

Kisha likapanda kundi likapiga wimbo ambao niliutambua kwa mwendo wake kabla hawajaanza kuimba. Gitaa la umeme limetangulia, besi inatembea chini yake, ngoma ina kishindo cha vijijini kwetu. Kijana mmoja mbele yangu akamwambia mwenziwe: "Hawa Wazanzibari, kwa taarab hawana mpinzani." Sikumjibu. Wimbo ule ulikuwa wa mtindo wa Tanga.

Naomba nisieleweke vibaya. Unguja ni mama wa taarab, na hakuna anayebisha. Ikhwani Safaa iliundwa mwaka 1905, na Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, ndiye aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zilizomfikisha Mswahili kwenye santuri. Lakini katika miaka ya 1960 na 1970 ni vijana wa Tanga, katika Black Star Musical Club na baadaye Lucky Star, walioichukua taarab ya okestra kubwa na fidla zake wakaifanya ya kundi dogo, yenye gitaa na besi na mapigo ya ngoma za kwetu. Mombasa iliwaiga, na pwani nzima ikawafuata. Bi Shakila Saidi, aliyetoka Pangani, aliimba humo. Katika mji huohuo, Atomic Jazz na Jamhuri Jazz zilikuwa zinapiga dansi lililosikika nchi nzima kwa njia ya redio. Huo ulikuwa mji wa mkonge, si mji mkuu wa nchi yoyote.

Na hapa ndipo ninapotaka ndugu zangu wa mipango wanisikilize, kwa sababu ni hesabu. Muziki ule haukuletwa na mfadhili. Mwaka 1964 nchi hii ilikuwa inavuna zaidi ya tani 200,000 za mkonge, na sehemu kubwa ilitoka mashamba ya Tanga. Watu walikuja kukata mkonge kutoka Unyamwezi, Ubena, Umakonde na kwingineko, kila mmoja na ngoma yake, wakalipwa mshahara, na sehemu ya mshahara huo ikaishia mlangoni mwa ukumbi wa dansi. Katika taarab palikuwa na jambo zaidi ya kiingilio: kutunza. Mwanamke aliposikia ubeti uliomgusa, au uliomsema jirani yake, alisimama na noti mkononi, akaenda kwa madaha hadi mbele ya mwimbaji, akamtunza mbele ya macho ya watu wote. Kila noti ilikuwa ni kura. Mwimbaji alijua papo hapo ni ubeti gani uliopita na ni upi uliokataliwa.

Niliporudi Pongwe nilimpitia mzee mmoja aliyekata mkonge tangu ujana wake. Nikamwamkia, akaitikia, akataka habari za Unguja. Nikamweleza taa, jukwaa, na wingi wa watu. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza: "Na walitunza, mwanangu?" Nikamjibu kwamba walipiga makofi sana. Akasema, "Aa," akaendelea kusuka ukindu wake.

Swali la mzee yule ndilo ninalolileta mbele ya wasomaji. Bei ya mkonge ilipoanguka, mshahara ulianguka nao, na kumbi zikafuata. Aliyekuwa anamtunza mwimbaji hakuwa na kitu tena mkononi. Je, nani alichukua nafasi yake? Kwa muda ilichukuliwa na umma. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi na wanamuziki wake wakalipwa mshahara kama wafanyakazi wengine. Vijana Jazz ilikuwa ya Umoja wa Vijana. Jeshi la Kujenga Taifa likawa na taarab yake, ambamo Bi Shakila aliimba miaka mingi. Mashirika yalipoyumba na soko huria likaingia, nafasi hiyo ikabaki wazi. Mfadhili wa ng'ambo akaikalia, na sehemu nyingine akaikalia mfanyabiashara wa bia.

Mfadhili simtukani. Bila yeye nisingemsikia yule binti wa kanuni. Lakini mwaka 2016 Sauti za Busara haikufanyika. Waandaaji walitangaza wazi kwamba fedha hazikutosha, na Februari hiyo Ngome Kongwe ikakosa tamasha lake. Likarudi mwaka 2017, na nawapongeza kwa moyo huo. Hata hivyo tujiulize: ni kitu gani chetu ambacho hunyamaza pale mtu wa mbali anapofunga mfuko wake? Zamani tulikuwa na jina la hali hiyo na hatukuona haya kulitaja. Mwaka huohuo wa 2016, mwezi Agosti, Bi Shakila alifariki dunia. Tulitoa salamu za rambirambi, tena nyingi.

Ama mfanyabiashara, huyu tunamjua kwa sura, maana huja mpaka kwetu. Lori huingia Tanga na vipaza sauti vyake, jukwaa husimamishwa kwa siku moja, wasanii hufika usiku, huimba juu ya sauti zao wenyewe zilizorekodiwa, na alfajiri lori limekwisha kuondoka. Nilihudhuria mojawapo ya matamasha hayo miaka michache iliyopita. Kundi la vijana wa hapahapa mkoani lilipangiwa kufungua jukwaa. Walipiga saa kumi alasiri, juani, mbele ya walinzi na wauza maji, na vyombo vyao vikazimwa kabla hawajamaliza wimbo wa tatu. Walilipwa soda na fulana. Sina ugomvi na bongo fleva wala singeli, iliyozaliwa uswahilini Dar es Salaam bila msaada wa mtu yeyote na ikavuka bahari kwa nguvu zake. Ugomvi wangu ni na utaratibu unaokusanya viingilio vya Tanga na kuiachia Tanga chupa tupu.

Nao uwanja ni upi? Ni Mkwakwani, na Mkwakwani ni mali ya Chama. Mwaka 1962 Mwalimu alituandikia Tujisahihishe, kijitabu ambacho wengi wetu tunakinukuu kuliko tunavyokisoma, basi nijisahihishe. Sisi wa Chama tunaijua nguvu ya muziki kuliko mtu yeyote katika nchi hii. Tuliunda Tanzania One Theatre mapema miaka ya 1990, na marehemu Kapteni John Komba alipopanda jukwaani mkutano ulijaa kabla mgombea hajashuka garini. Kila baada ya miaka mitano tunawatafuta wapiga ala kwa taa. Uchaguzi ukipita, tunawatafuta kwa leseni na ada ya kibali. Mtu anayemkumbuka fundi siku ya kuezeka tu asishangae siku moja akimkosa.

Najua jibu litakalotolewa: tuna zahanati za kumalizia, tuna madawati. Ni kweli, tena ni kweli tupu, na mimi si mtu wa kushindanisha gitaa na dawa. Lakini Mwalimu alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka huohuo wa 1962, nchi ilikuwa na madaktari wachache mno na barabara za kuhesabu kwa vidole. Hakusema tusubiri tutajirike kwanza. Tena fedha ninayoizungumzia ni ndogo. Halmashauri zetu hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Nimesikia bodaboda, nimesikia kuku, nimesikia cherehani. Kikundi cha taarab kilichoomba mkopo wa besi na kinanda, kikahesabiwa kuwa mradi wa uzalishaji mali, bado sijakisikia katika kata yangu. Na tusiseme kwamba jambo lenyewe haliwezekani kwa mikono yetu, maana Bagamoyo, chini ya chuo chake cha sanaa, imekuwa na tamasha lake tangu miaka ya 1980.

Kwa walimu nina neno la pekee. Kelly Askew, Mmarekani, aliishi Tanga katika miaka ya 1990, akajifunza kutunza na kutunzwa, akaandika kitabu kizima juu ya muziki wa mji huu na siasa zake, Performing the Nation, kilichotoka mwaka 2002. Nyimbo za Black Star na Lucky Star zilikusanywa na kutolewa upya London mwaka 1989. Sijakiona kitabu hicho wala kuzisikia nyimbo hizo katika shule yoyote niliyoingia mkoani humu. Mwanafunzi wa Pongwe anaweza kukutajia bei ya viatu vya msanii wa Dar es Salaam, lakini hajui kwamba mtindo wa taarab anaousikia kwenye harusi ya dada yake ulizaliwa mwendo mfupi tu wa daladala kutoka darasani kwake. Kosa si lake. Mashindano ya UMITASHUMTA yana kwaya na ngoma ndani yake, walimu wanaoyafundisha hufanya hivyo kwa jasho lao, na mara nyingi vyombo ni ndoo na debe. Hapo ndipo pa kuanzia, kabla ya jukwaa lolote kubwa.

Ninachopendekeza kwa Tanga ni usiku mmoja kwa mwaka pale Mkwakwani, Chama kikiutoa uwanja bila malipo, kwa makundi ya mkoa huu yanayopiga ala kwa mikono yao. Kiingilio kiwe kile ambacho mbeba mizigo wa bandarini anaweza kukilipa na bado akala. Wasanii walipwe kwa mkataba ulioandikwa, usiku uleule. Na mbele ya jukwaa iachwe njia pana, isiyozibwa kwa viti vya waheshimiwa, ili mwenye kuguswa na ubeti aweze kusimama na kwenda kutunza.

Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na mapendekezo ya kata hukusanywa miezi mingi kabla ya hapo. Ya kata ya Pongwe nimekwisha kuyaandika, ukurasa mmoja na nusu, pamoja na bei ya besi moja, kinanda kimoja na vipaza sauti viwili. Mzee wa ukindu ameahidi kuja kikaoni, ingawa ameniuliza mara mbili kama wenyeviti hawatacheka.