Tukitoa Maoni, Tudai Majibu



Novemba 2023, Kamati ya Mazungumzo ya Kitaifa iliyokuwa ikikutana Bomas chini ya wenyeviti wenza Kalonzo Musyoka na Kimani Ichung'wah ilikamilisha ripoti yake. Gharama ya maisha ilikuwa mojawapo ya masuala iliyokabidhiwa. Miongoni mwa machache yaliyoafikiwa kuhusu suala hilo ni kwamba tozo ya matengenezo ya barabara, ile tunayokatwa katika kila lita ya petroli na dizeli, ipunguzwe. Julai 2024 tozo hiyo ikapandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25.

Mwezi huo huo, Rais alitia saini sheria ya kubadilisha jopo la kuteua makamishna wa Tume ya Uchaguzi (IEBC). Nayo ilitokana na ripoti hiyo hiyo ya Bomas. Pendekezo lililowagusa wanasiasa lilipata wa kulisukuma mpaka likawa sheria. Lililomgusa mwenye bodaboda na mama mboga anayesafirisha sukuma wiki kwa matatu lilikosa mwenyewe, na aliyeisoma hatima ya pendekezo hilo aliisoma kwenye bei ya pampu. Eugene Wamalwa, mjumbe wa kamati hiyo, alikataa kutia saini ripoti akisema suala la gharama ya maisha halijashughulikiwa. Iwapo alisukumwa na uchungu au na siasa, hilo ni shauri lake. Alichosema kilikuwa kweli.

Sisemi kwamba kutoa maoni ni kazi bure. Mwaka 2024 Mswada wa Fedha ulikuja na VAT ya asilimia 16 kwenye mkate na kodi ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka. Juni 18 Kamati ya Fedha ya Bunge ilitangaza kuyaondoa hayo mawili pamoja na mengine, baada ya kupokea maoni na huku vijana wakiwa tayari barabarani. Juni 25 wabunge 195 waliupitisha mswada, 106 wakaupinga, na kesho yake Rais akakataa kuutia saini. Katikati ya siku hizo mbili kuna makaburi ya waandamanaji. Nchi ambayo mwananchi husikika akishapigwa risasi haiwezi kujisifu kwamba inashauriana na watu wake, hata ikikodi kumbi 47 na mahema ya kila rangi.

Kisha ulikuja mwaka 2025, na nadhani hapa kuna funzo ambalo hatujalitilia maanani. Mswada wa Fedha wa mwaka huo ulitaka kuiondolea Mamlaka ya Mapato (KRA) kizuizi cha kudai data za kibinafsi za walipa kodi. Wanasheria, wahasibu na raia wa kawaida walikilenga kifungu hicho kimoja, wakakitaja kwa nambari, wakaeleza kinavyogongana na haki ya faragha iliyo kwenye Katiba. Kamati ikakikataa. Hawakusema tu "tumechoka na kodi". Malalamiko ya jumla ni rahisi kuyapokea na rahisi zaidi kuyasahau. Karani anayeandika ripoti ya kamati hufanya nini na sentensi isemayo maisha ni magumu? Huiweka kwenye fungu la "wananchi walieleza wasiwasi wao" na kuendelea na kazi.

Tatizo kubwa liko baada ya maoni kutolewa. Julai 31, 2024 Mahakama ya Rufaa iliifuta Sheria ya Fedha ya 2023, na moja ya sababu ni namna Bunge lilivyoshughulikia maoni ya umma. Oktoba 29 mwaka huo Mahakama ya Juu ikairudishia uhai sheria hiyo, na ikaona kwamba Bunge halina wajibu wa wazi wa kisheria wa kueleza sababu ya kukubali au kukataa kila pendekezo la mwananchi. Uamuzi tunauheshimu. Lakini tuelewe maana yake kwetu: unaweza kusafiri kutoka Lodwar, ukangoja zamu, ukasema kwa dakika tatu, ukaandikwa jina, na mtu yeyote asidaiwe jibu wala wewe usiwe na pa kulidai. Kifungu cha 10 cha Katiba kinautaja ushirikishaji wa umma kuwa tunu ya taifa, cha 118 kinaliagiza Bunge kuufanikisha, cha 201 kinautaka katika masuala ya fedha. Bila jibu, vifungu hivyo vinageuzwa danganya toto.

Kwa hiyo naomba tuache kuhesabu mikutano. Serikali ikitwambia imesikiliza watu wangapi na kuzuru kaunti ngapi, tuulize swali moja: ni mstari gani wa bajeti uliobadilika, na uliokataliwa ulikataliwa kwa nini? Kipimo hicho kinatosha kwa Bomas, kwa Hazina ya Kitaifa na kwa gavana wako.

Tuache pia kuamka Mei. Mswada wa Fedha ni mwisho wa safari. Kufikia wakati huo matumizi yameshapangwa, na kinachotafutwa ni mfuko wa kuyalipia. Taarifa ya Sera ya Bajeti, inayoweka kiwango cha matumizi kwa kila sekta, lazima ifikishwe Bungeni kufikia Februari 15. Makadirio ya matumizi yenyewe hufika kufikia Aprili 30. Anayetaka kodi ipungue aanze kwa kuuliza Februari kwa nini safari na viburudisho vya ofisi vimetengewa pesa. Jambo hili halina mvuto wa maandamano, najua. Halipigwi picha. Ndiyo maana wanaofaidika na matumizi hayo hupenda tulale hadi Mei.

Hatuhitaji kuunda chama kipya kwa kazi hii. Tunavyo vyama tele: vya akina mama vya merry-go-round, sacco za matatu, vikundi vya bodaboda, jumuiya za kanisa, kamati za misikiti, vyama vya wakulima. Kila kimoja kichague jambo moja linalokiuma, kiliandike ukurasa mmoja, kitaje kifungu au mstari wa bajeti, kiseme kinachotaka badala yake. Kiswahili kinatosha, ni lugha rasmi ya Jamhuri na lugha ya Bunge, na hakuna karani mwenye haki ya kukurudishia waraka kwa sababu hiyo. Pelekeni nakala mbili, moja igongwe muhuri mrudi nayo. Kamati ikitoa ripoti, someni waliyoyaandika kuhusu ukurasa wenu. Kama hamumo, mwiteni mbunge kwenye baraza aeleze, kisha tumieni haki ya kupata habari iliyo kwenye kifungu cha 35 cha Katiba.

Kwenye kaunti, sheria ya usimamizi wa fedha za umma, kifungu cha 137, inaitaka serikali ya kaunti iunde jukwaa la bajeti na uchumi lenye wawakilishi wasio wa serikali. Muulizeni diwani wenu wawakilishi hao ni akina nani na walikutana lini mara ya mwisho. Kimya chake kitawatosha kuwa jibu, lakini msiishie hapo.

Na kwa wabunge, dai letu liwe moja kutoka Vanga hadi Mandera. Miswada ya ushirikishaji wa umma imewahi kufikishwa Bungeni zaidi ya mara moja. Tunataka sheria inayoilazimisha kila kamati na kila wizara kuchapisha majibu: pendekezo, uamuzi, sababu. Mahakama ya Juu imesema wajibu huo haujaandikwa waziwazi. Basi uandikwe. Mbunge atakayekuja kuomba kura 2027 aulizwe kwanza alipiga kura gani katika hili, kabla hajapewa kipaza sauti.

Februari haiko mbali. Kikundi chenu kiandike ukurasa wake sasa.