Nyuklia ya Kenya: kabla ya Uyombo au Siaya, tuonyesheni bili



Mabishano ya mtambo wa nyuklia wa Kenya yamekuwa ya mahali tu: ujengwe Uyombo, Kilifi, au Siaya? Wapwani wenzangu walikataa, na Mei 2024 waandamanaji wa Uyombo wakakabiliwa na polisi. Mwaka 2025 serikali ikageukia Siaya, kando ya Ziwa Viktoria, na wengi wetu tukashangilia kana kwamba mambo yamekwisha. Hayajaisha. Nani atalipa, na ataanza kulipa lini?

Nauliza kwa sababu naishi Uingereza, na huku nalipia mmoja. Waingereza wamejaribu njia mbili. Hinkley Point C ilipoidhinishwa mwaka 2016 ilikadiriwa pauni bilioni 18 na umeme ulitakiwa uwake 2025. Januari 2024 EDF ya Ufaransa ikasema gharama itakuwa kati ya bilioni 31 na 35 kwa bei za 2015, na umeme usitarajiwe kabla ya 2029. Lakini hasara ya ucheleweshaji ule imewaangukia wenye mradi. Mteja halipi kitu mpaka umeme utoke, ingawa mkataba wa awali ulimfunga miaka 35 kwa bei ya pauni 92.50 kwa kila megawati-saa kwa bei za 2012, inayopanda na mfumuko wa bei.

Baada ya hapo wawekezaji wakaogopa. Kwa Sizewell C, iliyopitishwa Julai 2025 kwa makadirio ya pauni bilioni 38, serikali ilichukua hisa asilimia 44.9, na sheria ya 2022 inaruhusu wateja wachangie wakati ujenzi ukiendelea. Serikali ilisema ni wastani wa pauni moja kwa mwezi kwa kila kaya. Si nyingi, nakiri. Lakini nalipia umeme ambao huenda nisiuone, maana naweza kuwa nimesharudi nyumbani! Angalau hesabu hizo zimewekwa hadharani.

Sasa tuje kwetu. Kamati ya nyuklia iliundwa 2010, leo ni wakala kamili, na lengo ni kuwasha mtambo wa kwanza 2034. Mahali tumeoneshwa. Mkataba wa fedha je?

Tazameni Misri. Kwa El Dabaa, Urusi iliwakopesha hadi dola bilioni 25, asilimia 85 ya gharama, kwa riba ya asilimia 3. Masharti mazuri, utasema. Lakini mwaka 2015 dola moja ilikuwa kama pauni 8 za Misri, na baada ya Machi 2024 ikapita 47. Deni lilihesabiwa kwa dola, na mlipaji ni yule yule mwenye pauni ya Misri.

Sisi tunalijua jambo hili. Mabadiliko ya bei ya dola yana mstari wake kabisa kwenye bili ya stima Kenya. Januari 2024 dola ilipofika shilingi 160, kila anayenunua tokeni alilipa. Mama yangu hajakopa dola hata moja, lakini alilipa. Na kinu kimoja cha megawati 1,000 katika nchi ambayo matumizi yake ya juu kabisa yalikuwa yamepita kidogo 2,400 mwaka 2025, kikizimika ghafla, kinahitaji umeme mwingine mkubwa wa akiba. Huo nao una bei.

Sipingi nyuklia. Olkaria ilipoanza na mvuke wa ardhini 1981 kuna waliosema ni ndoto.

Ninachodai ni kwamba kabla ya sahihi yoyote, Bunge liweke mezani sarafu ya mkopo, bei ya umeme, atakayebeba gharama ya kuchelewa, na fedha za kubomoa mtambo na kutunza taka zake. Wabunge wa Pwani na wa Nyanza wayadai haya kwa pamoja, badala ya kurushiana mradi.