Ukuta wa Mlimani Si Ukuta wa Ua



Wasomaji wangu, na hasa akina mama ambao ndio washika hesabu za nyumba, wiki hii naomba mnifuate hadi Kericho, nchi ya majani ya chai. Huko ameolewa mtoto wa dada yangu. Yeye na mumewe walinunua kiwanja mteremkoni, upande wa barabara iendayo Litein, wakajenga nyumba nzuri na kuujaza ua udongo ili uwe sawa. Usiku mmoja wa mvua, mwezi wa Aprili, ukuta ulioushika udongo ule uliporomoka, ukaliangukia jiko la jirani aliye chini yao. Mama mwenye jiko alikuwa ametoka humo punde tu. Alhamdulillahi, hakuumia mtu. Lakini jiko liliharibika, na ukuta uliokula akiba ya miaka mingi ukawa rundo la mawe.

Nilikwenda kuwapa pole. Mpwa wangu akanionyesha bajeti yao, iliyoandikwa katika daftari la shule. Mlikuwamo mawe, saruji, mchanga, ujira wa fundi na rangi. Hesabu ilikuwa safi, wala hakuna aliyemwibia mwenzake. Kosa lilikuwa jingine: walipiga hesabu ya ukuta wa ua wa Pwani, kisha wakaujenga Kericho.

Kwetu Pwani ukuta ni sitara. Huzuia macho na wezi, wala haubebi mzigo ila uzito wake wenyewe. Mvua ikinyesha, maji huzama upesi mchangani na katika mawe ya matumbawe. Kericho mambo ni mbali. Mvua ya mwaka ni takriban maradufu ya ile ya Mombasa, na udongo mwekundu uliochimbuliwa na kujazwa upya hunywa maji ukawa mzito. Ukuta wa kuzuia udongo husukumwa usiku na mchana.

Tazameni hesabu yake. Ukuta wenye kimo cha mita 2, udongo wa nyuma yake ukiwa mkavu, husukumwa kwa uzito uzidio tani 1 kwa kila mita ya urefu wake. Maji yakijaa nyuma yake bila pa kutokea, msukumo huo huzidi maradufu. Tena ukikiongeza kimo mara mbili, msukumo huongezeka mara nne. Ndiyo maana kuta nyingi za namna hii hazianguki wakati wa kiangazi. Huangushwa na maji.

Katika daftari lile maji hayakutengewa hata shilingi moja. Ukuta ulikuwa na urefu wa mita 12 na kimo cha mita 2. Tabaka la kokoto la sentimita 30 nyuma yake, litakalopitisha maji yashuke, lilihitaji mita za ujazo zaidi ya 7, nazo ni zaidi ya tani 10 za kokoto. Haikununuliwa hata toroli moja. Matundu ya kutolea maji hayakuachwa. Na mfereji wa mabati ya nyumba ulikuwa ukimwaga maji papo hapo nyuma ya ukuta. Wiki mbili kabla ya kuanguka, ukuta ulifura tumbo na kupasuka. Wao wakaziba nyufa kwa saruji, wakapaka rangi.

Basi anayetaka kujenga mteremkoni na aipange bajeti yake hivi.

Kwanza, elimu na idhini. Ukuta ukipita kimo cha kiuno, mlipe mhandisi aliyesajiliwa aupime udongo na kuchora ramani, kisha ramani ipelekwe kwa serikali ya kaunti. Mkandarasi naye awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Gharama hii huonekana kubwa siku ya kuilipa tu.

Pili, msingi. Kitako cha ukuta wa namna hii aghalabu huwa na upana wa nusu ya kimo chake au zaidi. Mawe yatakayofukiwa yahesabiwe kabla ya yatakayoonekana.

Tatu, njia ya maji: kokoto, kitambaa cha kuchujia udongo, bomba la chini lenye matundu, na mfereji wa kuyaepusha maji ya paa.

Nne, wakati. Kuanzia Desemba hadi Februari mvua hupungua huko. Anayechimba msingi mwezi wa Machi hushindana na masika.

Tano, tenga angalau sehemu moja katika kumi kwa yasiyotarajiwa, kama vile gharama ya malori au mwamba utakaokutwa chini.

Na pesa zikiwa hazitoshi? Punguza kimo, usipunguze njia ya maji. Kuta mbili za mita 1, zilizopandana kama ngazi na kuachana nafasi ya kutosha, kila mmoja hubeba robo ya msukumo wa ule wa mita 2. Au acha sehemu ya mteremko kama ulivyo, uioteshe nyasi. Wala msikimbilie mkopo wa riba kwa ajili ya ua ulio sawa.

Limebaki jambo ambalo ndilo lililonifanya niandike. Tulipokuwa peke yetu, mpwa wangu aliniuliza: "Mjomba, na dhahabu yangu imekuwa nini?" Kumbe mawe na saruji vilinunuliwa kwa bangili zake. Alipoombwa alisema, "Chukua, tutazungumza baadaye." Hayakuzungumzwa tena. Yeye aliamini amekopesha. Mumewe aliamini amepewa.

Nikamwita mume, nikawakumbusha wote wawili. Makazi ni wajibu wa mume. Mali ya mke ni yake. Akiitoa, itajwe palepale kuwa ni zawadi, ni deni, au ni sehemu yake katika nyumba. Iandikwe, ipimwe uzani, na mashahidi wawepo. Kijana alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Sheikh, ni deni." Tukaliandika katika daftari lilelile, chini ya hesabu ya rangi. Nikawaambia pia kwamba jiko la jirani lijengwe kwanza, kabla ya ukuta wao. Wamelijenga.

Katika Suratul-Kahf tumesoma habari ya ukuta uliokaribia kuanguka, ukasimamishwa kwa kuwa chini yake palikuwa na mali ya mayatima wawili. Chini ya kuta zetu nyingi pana mali ya mtu asiyetajwa, na mara nyingi mtu huyo ni mama wa nyumba. Kabla ya kununua jiwe la kwanza, dada yangu, uliza mambo mawili: maji yatapita wapi, na pesa hizi ni za nani.

Allah atuhifadhie nyumba zetu na majirani zetu. Wabillahi tawfiq.